Chukua paterni, acha kitambaa: jinsi ya kuusoma ukurasa wa jarida la mitindo

Dada mmoja anayeuza abaya na madera alinifungulia jarida la mitindo mezani, akaweka kidole katikati ya kurasa mbili na kusema, "Kaka, mimi nataka kama hivi." Ukurasa wa kushoto ulikuwa na mwanamke mmoja tu, amesimama, picha imejaa kutoka ukingo hadi ukingo. Wa kulia ulikuwa na maneno matatu makubwa, maandishi madogo kwa chini, na weupe mwingi. Nikamuuliza kipeperushi chake kitabeba nini. Akanitajia nguo 14, bei ya kila moja, namba tatu za simu, maelekezo ya kufika dukani, na tangazo kwamba anauza jumla na rejareja. Vyote hivyo kwenye karatasi moja, upande mmoja, lakini "kama hivi".

Kila anayetengeneza mabango na vipeperushi vya wauza nguo ameshakutana na ombi hilo. Majibu yetu huwa mawili, na yote mabaya. Wapo wanaonakili kila wanachokiona, kuanzia rangi ya nyuma hadi aina ya herufi, kisha kazi inatoka kama mtu aliyevaa suti ya kuazima. Wapo wanaokataa kabisa, wakisema kuutazama ukurasa wa jarida kubwa na kuufuata ni wizi. Mabishano haya yamekuwa makali zaidi tangu programu za kutengenezea mabango ziingie kwenye simu, maana sasa kila mtu ana violezo mia mfukoni na kila mtu anamtuhumu mwenzake kwamba amemwibia. Mimi naona ugomvi mwingi unatokana na maneno matatu tunayoyachanganya.

Dizaini ni kazi nzima: wazo, picha, rangi, herufi, karatasi, yote. Mpangilio ni sehemu moja tu ya kazi hiyo, nayo hujibu maswali matatu: kipi kinakaa wapi, kina ukubwa gani, na kiko umbali gani na jirani yake. Kiolezo ni mpangilio ambao mtu mwingine ameshaukata, wewe unajaza tu.

Ukitaka kuiona tofauti hiyo kwa macho, nenda kwa fundi cherehani. Mteja akimpelekea gauni analolipenda, fundi mzuri halitii mkasi gauni lile. Analilaza mezani, anapima kutoka begani hadi kiunoni, anatazama mkato wa shingo, anaangalia marinda yameanzia wapi, kisha anachora paterni kwenye karatasi. Halafu anampima mteja mwenyewe, kwa sababu mwenye gauni la mwanzo alikuwa na mabega mengine. Paterni inarekebishwa, ndipo kitambaa kipya kinakatwa. Kwenye ukurasa wa jarida, picha, rangi, aina ya herufi na maneno ni kitambaa. Mpangilio ni paterni. Na habari unayotaka kuitoa wewe, nguo zako 14 na namba zako tatu, ndiyo mwili.

Wanaonakili wanabeba kitambaa na kuacha paterni. Wanaokataa wanadhani paterni nayo ni kitambaa.

Mpangilio tumelala nao

Watu wengi huniambia hawana jicho la mambo haya. Sikubali. Aliyekulia kwenye nyumba yenye kanga amebebwa, amelazwa na kufunikwa kwa mpangilio. Kanga ina pindo, mji na jina. Pindo huzunguka pande zote nne na kuuambia jicho kwamba mambo yanaishia hapa. Ndiyo kazi ya pambizo kwenye ukurasa. Mji ni uwanja wa kati, penye nakshi kubwa. Jina hukaa sehemu ya chini ya mji, katikati, juu kidogo ya pindo, kwa herufi kubwa ambazo mtu anazisoma huku anapita. Zamani majina yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye yakaja kwa herufi za Kirumi. Nakshi zimebadilika mara zisizohesabika: korosho, nanasi, maua, picha za viongozi. Lakini jina limekaa palepale, na hakuna anayesema kwamba aliyetoa kanga mpya amemwibia mwingine kwa kuwa naye ameweka pindo.

Sokoni nako kuna somo. Muuza nyanya hupanga mafungu: nne chini, moja juu. Kati ya fungu na fungu anaacha nafasi ya vidole viwili hivi. Hakuna kibao kinachosema "nyanya hizi tano ni bei moja", ile nafasi ndiyo inayosema. Ukizisogeza nyanya zote zikagusana, mteja hajui tena kipi ni kipi na anaanza kuuliza. Ukurasa unafanya kazi vilevile. Bei ikikaa karibu na gauni lake, msomaji anaelewa bila mshale. Ikikaa katikati ya magauni mawili, atapiga simu kuuliza, au hatapiga.

Kuna neno moja linalowatisha watu bure, gridi. Gridi ni mistari isiyochapwa ambayo mpangaji anaichora kwanza ili vitu vyote vijipange juu yake: safu mbili, tatu au sita kwa kwenda chini, na mara nyingine vipande sawa kwa kwenda pembeni. Nimesikia mara nyingi kwamba gridi inafunga ubunifu. Basi tuwaulize washairi wetu. Shairi la tarbia lina mishororo minne, kila mshororo mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao, na vina vinavyofuatana. Ndani ya vipimo hivyohivyo malenga amelia, amesifu, amekosoa na ametongoza, na hakuna mashairi mawili yanayofanana. Mizani haijamfunga. Imemwondolea shaka ya wapi pa kupumzika, akabaki na kazi ya kutafuta neno. Gridi ni mizani ya ukurasa.

Weupe ule ulitoka wapi

Kurasa za mitindo hazikuzaliwa na ukubwa ule. Harper's Bazaar ilianza New York mwaka 1867, Vogue mwaka 1892, na kwa miongo mingi picha zao zilifungiwa ndani ya fremu, zimezungushiwa mapambo, zimepangwa kama picha za ukoo ukutani. Mwaka 1929 mpangaji wa kurasa Mehemed Fehmy Agha alihamia Vogue ya New York akitokea Berlin. Aliondoa fremu, akapunguza mapambo, akaleta herufi zisizo na vijiguu (vile vistari vidogo kwenye ncha za herufi), akapanua pambizo na kuziacha picha zifike hadi ukingoni. Akaanza kuzitazama kurasa mbili zinazotazamana kama uwanja mmoja. Hilo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu msomaji akifungua jarida anaona kurasa mbili kwa mpigo.

Mwaka 1934 mhariri wa Harper's Bazaar, Carmel Snow, aliziona kazi za mpangaji wa kurasa Alexey Brodovitch kwenye maonyesho ya Art Directors Club, chama cha wasimamizi wa sanaa, mjini New York, akamwajiri. Brodovitch alikuwa Mrusi aliyekimbilia Paris baada ya mapinduzi, na huko alipaka rangi mapazia ya jukwaa ya kundi la dansi la Ballets Russes. Alikaa Bazaar hadi mwaka 1958. Kwake picha ilikatwa bila huruma: kichwa kikiwa hakina kazi, kinaondoka. Maandishi nayo hakuyaona kama uji wa kumiminwa kwenye chombo. Mwanamitindo akiinama, aya yaweza kuinama naye kwenye ukurasa wa pili, umbo likijibu umbo. Alikuwa akitandaza kurasa za toleo zima sakafuni na kutembea kando yake, akitazama kama kurasa zenye kishindo zinafuatwa na za utulivu, kama ngoma inavyopokezana mdundo na kimya. Ukurasa mmoja mzuri haukumtosha. Alitaka toleo zima liende kama mchezo mmoja. Richard Avedon na Irving Penn, wapiga picha wawili ambao majina yao hayakwepeki ukizungumzia mitindo, walipita kwenye madarasa yake.

Nasimulia historia hii kwa sababu moja. Weupe ule ulikuwa na gharama, na ulisomwa hivyo. Karatasi laini iliyoachwa wazi kwenye jarida linalobeba matangazo ya manukato na vito ilimwambia msomaji: hapa hatuhangaiki na nafasi. Ni kama duka lenye viatu vitatu kwenye rafu ndefu. Hata bila kuona bei unajua si za mchezo. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaofundisha kwamba nafasi tupu ni nzuri siku zote. Mwenye duka la mitumba la bei ya kutupa akiweka kipeperushi cheupe chenye gauni moja, wateja wake watapita wakidhani duka si lao. Na siwaungi mkono pia wanaosema nafasi tupu ni hasara. Nafasi tupu ni sauti ya chini, na mtu anazungumza kwa sauti ya chini kulingana na anayezungumza naye.

Rula, penseli na macho yaliyofinywa

Sasa turudi kwenye kurasa mbili za yule dada. Niliomba kubaki nazo siku moja. Hatua ya kwanza nililigeuza jarida kichwa chini miguu juu. Ukifanya hivyo maneno hayasomeki, uso wa mwanamitindo haukuvuti, unabaki na maumbo. Kisha nikafinya macho mpaka kurasa zikawa na ukungu. Nikaona vitu vitatu tu: doa kubwa jeusi kushoto, upau wa kijivu juu kulia, na mstatili hafifu chini kulia. Basi. Jarida ambalo lilionekana kuwa na mambo mengi lilikuwa na vitu vitatu. Ukifinya macho mbele ya bango lako ukaona vitu kumi na vinne vyenye uzito sawa, umeshajua tatizo kabla ya kugusa kompyuta.

Hatua ya pili ni karatasi nyepesi inayoonyesha cha chini yake, ile ambayo mafundi huitumia kunakilia paterni. Nikaiweka juu, nikachora masanduku tu: sanduku la picha, la kichwa cha habari, la maandishi, la maelezo ya picha. Hakuna kuchora uso wala herufi. Halafu rula. Ukurasa ulikuwa na upana wa sentimita 21. Pambizo za pembeni sentimita 2 kila upande. Ndani yake safu tatu za sentimita 5.2, na kati ya safu na safu milimita 7. Maandishi yalijaza safu mbili za kulia tu. Safu ya kwanza, iliyo karibu na mkunjo, iliachwa wazi kuanzia juu hadi chini, isipokuwa mistari sita midogo ya maelezo ya picha iliyokaa chini kabisa. Yaani ule weupe ulioonekana kama umetokea wenyewe ulikuwa safu nzima, imepimwa, kisha ikaachwa kwa makusudi.

Nikapima kimo cha herufi kubwa. Za kichwa cha habari, sentimita 2.2. Za maandishi ya kawaida, milimita 2.2. Mara kumi! Hapo ndipo wengi wetu tunapopotea. Kwenye mabango yetu kichwa huwa mara mbili ya maandishi, namba ya simu mara mbili na nusu, bei mara mbili, na kila kitu kinapiga kelele kwa kimo kinachokaribiana. Jicho linapewa amri tano kwa wakati mmoja. Jarida lilitoa amri moja, kisha likanyamaza.

Kitu kilichonifurahisha kuliko vyote nilikiona mwisho, nilipoinyoosha rula ikavuka kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Macho ya mwanamitindo yalikuwa sentimita 8 kutoka juu. Mstari wa kwanza wa kichwa cha habari, ukurasa wa pili, ulianzia sentimita 8 kutoka juu. Naye alikuwa anatazama kulia. Anatazama kichwa cha habari! Msomaji hamwoni anayemwelekeza, ila anafuata tu, kama unavyogeuza shingo ukimwona mtu barabarani anatazama kitu. Jambo hilo halimo kwenye kiolezo chochote. Unalipata kwa rula, na unaweza kulitumia kesho kwa picha ya simu ya mteja wako akiwa amevaa dera lake mlangoni: mwambie atazame upande utakaoweka maneno.

Ukimaliza kupima, andika sentensi moja tu juu ya karatasi yako inayoeleza paterni. Yangu ilisema: "Kimoja kikubwa kinatazama kingine, robo ya juu kimya, safu moja kati ya tatu iko wazi, kichwa mara kumi ya maandishi." Kama huwezi kuiandika sentensi hiyo, hujaumaliza kuusoma ukurasa.

Herufi nzuri zinazokufa njiani

Swali ninaloulizwa zaidi ni fonti gani ya kupakua ili kazi ionekane kama Vogue. Zile herufi zenye nguzo nene na mistari myembamba kama unywele zina ukoo wao: Firmin Didot wa Paris alizikata mwishoni mwa karne ya 18, na Giambattista Bodoni wa Parma, Italia, akawa na zake zinazofanana nazo. Fabien Baron alipoipanga upya Harper's Bazaar mwaka 1992, chini ya mhariri Liz Tilberis, jarida lilitumia fonti ya Didot iliyochorwa na Jonathan Hoefler, na Baron akazikuza herufi hizo mpaka zikawa kama majengo ndani ya ukurasa.

Watu hawaambiwi kwamba Hoefler aliichora Didot hiyo kwa ukubwa saba tofauti, kuanzia wa pointi 6 hadi wa pointi 96 (pointi ni kipimo cha ukubwa wa herufi). Kwa nini? Kwa sababu mstari mwembamba wa herufi kubwa ukipunguzwa hadi herufi ndogo unapotea, na wa herufi ndogo ukikuzwa unakuwa mnene kama kamba. Kila ukubwa ulihitaji unywele wake. Sasa wewe unachukua toleo la bure lililochorwa kwa vichwa vikubwa, unaandikia namba ya simu kwa pointi 9, unachapa kwenye karatasi ya kawaida inayofyonza wino. Sifuri inabaki mabano mawili. Saba inabaki kijiti. Mteja anapiga namba isiyo yako.

Kwa hiyo herufi hizo, ukizipenda, zitumie kwa neno moja kubwa tu. Maandishi mengine yape fonti yenye mwili. Kwenye simu tatizo ni lilelile, maana picha ya pikseli 1080 kwa 1350 inatazamwa kwenye kioo cha upana wa vidole vinne, na mkunjo wa kurasa mbili haupo. Pale kurasa mbili zinakuwa picha mbili zinazofuatana, na yule anayetazama kulia anatazama upande ambao kidole kitaletea picha inayofuata. Paterni bado inafanya kazi, imerekebishwa tu ifuate mwili mwingine.

Kiswahili kina mabega mapana

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu sijaona watu wakilizungumza. Paterni nyingi tunazozipenda zilikatwa kwa Kiingereza, lugha yenye maneno mafupi mengi. Safu ya sentimita 5 inayokaa vizuri kwa Kiingereza inaweza kuteseka kwa Kiswahili, maana sisi tunabeba sentensi nzima ndani ya neno moja: "tutakapowashonea", "zinazopatikana", "wanaotutembelea". Ukilazimisha kingo zote mbili za safu zinyooke, programu inatanua nafasi kati ya maneno, na katikati ya aya unaona mashimo meupe yanayoteremka kama mto. Watu wanadhani fonti ni mbaya. Fonti haina kosa.

Dawa zipo mbili. Ya kwanza, acha ukingo wa kulia uwe huru, usinyooke. Ya pili, kata maneno, na hapa lugha yetu ni rahisi kwelikweli kwa sababu silabi zetu nyingi huishia kwa irabu. Weka kistari baada ya irabu na hutakosea mara nyingi: wana-otutembelea, zina-zopatikana, kite-nge. Usizitenganishe konsonanti zinazotamkwa pamoja, ng na e za "kitenge" zinakwenda mstari wa chini pamoja. Na usiiache "m" ya "mshono" peke yake mwisho wa mstari. Usiitegemee programu ikufanyie. Nyingi hukata Kiswahili kwa kanuni za Kiingereza na kuleta vioja.

Vichwa navyo. Jarida la Kiingereza linaweka neno la herufi tatu kwa kimo cha sentimita 5. Usitafsiri kichwa hicho. Tafuta neno letu fupi lenye nguvu: Pindo. Mshono. Doti. Vaa. Ukishindwa kabisa, pandisha neno refu kwa silabi, mstari juu ya mstari, litakaa kama ngazi.

Je, ni wizi?

Mkataba wa TRIPS, ule wa haki za mali za ubunifu, unaozihusu nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani, Tanzania na Kenya zikiwemo, unasema wazi kwamba hakimiliki inalinda namna jambo lilivyotolewa, hailindi mawazo na mbinu. Kuweka picha kubwa kushoto na maandishi kulia ni mbinu. Safu tatu moja ikiwa wazi ni mbinu. Hakuna mwenye hati ya pambizo pana.

Lakini picha ina mwenyewe, na Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inayomlinda. Ukichukua picha ya mwanamitindo kutoka jaridani ukaibandika kwenye bango la duka lako, umechukua mali ya mpiga picha, na zaidi ya hapo umemdanganya mteja kwamba gauni lile lipo dukani. Maneno yana mwenyewe. Fonti nyingi zina leseni. Na kuskani ukurasa mzima ukabadilisha jina tu ni kunakili, hata ukiita "kuvutiwa". Mimi hujiuliza hivi: nikiziweka kazi mbili pamoja, je, mwenye ile ya kwanza ataiona paterni yake au kitambaa chake? Akiona kitambaa, narudi mezani.

Nguo 14

Kwa yule dada, mwili haukuingia kwenye paterni ya kurasa mbili, kwa hiyo sikulazimisha. Nilimshauri tuchape karatasi ya A3 pande zote mbili na kuikunja katikati, apate kurasa nne za A4. Jalada lilibeba gauni moja na jina la duka. Ndani, kushoto, abaya moja nyeusi, picha imefika hadi ukingoni (kiwandani walitutaka tuongeze milimita 3 kila upande, ili mashine ya kukatia isiache utepe mweupe). Aliyeivaa ni binti yake, anatazama kulia. Ukurasa wa kulia niliugawa safu tatu kwa vipande vinne: vipande tisa vya chini vikabeba nguo tisa, kila moja na bei yake chini yake, karibu kabisa, kama nyanya na fungu lake. Safu mlalo ya juu ikabeba neno moja kubwa, kwa usawa wa macho ya binti, na vipande viwili vikabaki vitupu. Nguo tatu zilizobaki zilienda nyuma, pamoja na maelekezo ya duka na namba za simu, ambazo tulizipunguza kutoka tatu hadi moja.

Alipoona nakala ya kwanza aliweka kidole kwenye vile vipande viwili. "Kaka, hapa mbona umeacha wazi? Mimi si nalipia karatasi nzima?" Nilimwomba akunje, afungue, aniambie jicho lake limeanzia wapi. Akafanya hivyo mara mbili. Akasema ameanza kwa mwanawe, akaenda kwenye neno, akashuka kwenye bei. Hakusema kitu kingine, akalipa.

Wiki chache baadaye nilipita dukani kwake. Vipeperushi vilikuwa kwenye meza ya kupimia, na pale penye vipande vitupu aliandika kwa kalamu ya wino, kwa kila mteja aliyeagiza, urefu, kifua, mkono, na siku ya kuja kuchukua.